Msomaji Mdogo na Riwaya ya Picha: Historia ya Hukumu Isiyoandikwa katika Viunga vya Dar es Salaam

Historia ya vitabu vya Kiswahili imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa majina ya waandishi, wafasiri, wachapaji na kamati. Katika historia hiyo mtoto hutajwa sana, lakini hutajwa kama shamba lingojalo mbegu. Vitabu vilitungwa kwa ajili yake, vikafasiriwa kwa ajili yake, vikatiwa picha ili vimpendeze, na vikathibitishwa ili visimpotoshe. Yeye mwenyewe aliona nini alipovifungua, habari hiyo ni nadra kuandikwa. Makala hii yaifuata habari hiyo, nayo yahusu hasa riwaya ya watoto yenye picha na msomaji wake katika viunga vya Dar es Salaam, yaani Kinondoni, Magomeni, Temeke na mitaa iliyozaliwa kandokando yake.

Neno riwaya latumiwa hapa kwa maana iliyo wazi: hadithi ndefu yenye sura, isiyomalizika kwa kikao kimoja, ambayo mtoto huiacha jioni na kuirudia kesho. Kitabu cha namna hiyo chamtaka msomaji wake awe na subira, na kwa hiyo hukumu yake ina uzito kuliko hukumu ya kijitabu cha kurasa kumi na sita kinachosomwa darasani kwa amri ya mwalimu. Mtoto asiyependezwa na kijitabu hukimaliza vivyo hivyo; asiyependezwa na riwaya huiweka chini, na hilo ndilo neno lake.

VITABU VILIVYOKUJA VIMEKWISHA KUPIMWA

Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na ule wa Mombasa wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, ulifuatwa na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki mwezi wa Januari 1930. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi za Kamati zilikuwa pamoja na kusawazisha tahajia na msamiati, na kuvithibitisha vitabu vya shule kabla havijatolewa. Hapo ndipo ilipoanza desturi iliyodumu muda mrefu, ya kitabu cha mtoto kupita mbele ya watu wazima wengi kabla ya kufika mkononi mwake.

Johnson mwenyewe alikwisha kufasiri kabla ya Kamati kuanza. Mwaka 1929 vilitoka Kisiwa chenye Hazina, kutoka kazi ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kutoka kazi ya Rider Haggard. Mwaka 1932 zikafuata Safari za Gulliver. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vitabu vya hadithi ndefu kwa vijana wa shule wa Tanganyika katika miaka ile, na wazee wengi waliosoma kabla ya uhuru waliingia katika ulimwengu wa riwaya kwa mlango huo.

Lakini jambo moja laweza kupita bila kuonekana. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa vimekwisha kupimwa na watoto kabla ya kuvuka bahari. Stevenson alianza kuitunga hadithi ya kisiwa mwaka 1881 huko Scotland, wakati wa likizo yenye mvua nyingi, kutokana na ramani iliyochorwa pamoja na Lloyd Osbourne, mtoto wa mkewe, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Kila sura ilipokwisha kuandikwa ilisomwa kwa sauti nyumbani, na kijana yule alikuwa wa kwanza kuisikia. Hata kitabu kilipotoka mwaka 1883, kilitolewa tabaruki kwake. Basi hukumu ya mtoto ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya mfumo wa hadithi yenyewe: mahali ilipokwenda mbio, mahali iliposimama, na kiasi cha hofu kilichofaa.

Yule aliyeipokea tafsiri katika darasa la Tanganyika alipewa hadithi iliyolainishwa kwa masikio ya mwingine. Haifuati kwamba haikumfaa. Hofu ya maharamia na tamaa ya dhahabu ni mambo yanayosafiri vizuri. Lakini hakuna aliyemwuliza, na kama angeulizwa jibu lake lisingeweza tena kubadili neno.

ELISI NA SURA YAKE

Mfano ulio mkubwa kuliko wote katika habari hii ni Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll iliyofanywa na Ermyntrude Virginia St. Lo Conan-Davies na kutolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Asili yake yajulikana. Tarehe 4 Julai 1862 mwalimu wa hesabu wa Oxford, Charles Dodgson, aliwasimulia hadithi watoto watatu wa Liddell walipokuwa wakienda kwa mashua mtoni. Mmoja wao, Alice, alimwomba amwandikie. Baadaye mswada ulipelekwa nyumbani kwa mwandishi George MacDonald ukasomewe watoto wake, na mwanawe mdogo, Greville, alisema kwamba ingefaa zipatikane nakala 60,000 za kitabu kile. Kikachapwa mwaka 1865, kikiwa na picha 42 za John Tenniel. Hapa tena kitabu kilitoka kwa ombi la mtoto, kikapita mbele ya baraza la watoto, kisha ndipo kikaenda kwa mchapaji.

Tena katika aya ya kwanza kabisa ya hadithi hiyo yumo msomaji mdogo anayetoa hukumu. Msichana amekaa karibu na dada yake, anakichungulia kitabu anachokisoma mwenzake, anaona hakina picha wala mazungumzo, naye anajiuliza kitabu cha namna hiyo chafaa nini. Kwa hiyo yeyote aliyeifungua tafsiri ya 1940 alikutana, kabla ya sungura na kabla ya shimo, na mtoto mwenye maoni juu ya vitabu. Kati ya wahakiki wa utotoni waliopata kuchapwa katika Kiswahili, Elisi ni mmoja wa wale wa awali.

Tofauti kubwa ya toleo hilo ilikuwa katika picha. Zilifuata mpangilio wa picha za Tenniel, lakini msichana alibadilishwa akafanywa wa Kiafrika. Kwa wakati ule jambo hilo halikuwa dogo. Liliungama kwamba msomaji hujitafuta katika picha kabla ya kujitafuta katika maneno, na kwamba jina la Elisi peke yake lisingetosha. Lakini lilikuwa ungamo la watu wazima waliokuwa London, waliokisia kile ambacho mtoto wa pwani angetaka kukiona. Walibadili sura ya msichana, wakaiacha nchi inayomzunguka ibaki na adabu zake za chai, malkia wa karata na mahakama ya Kiingereza. Je, mtoto aliyekishika kitabu hicho alimwona Elisi kuwa mwenziwe aliyepotea ugenini, au alimwona Mzungu aliyepakwa wino? Majibu yote mawili yawezekana, na kila moja lingetoa mafunzo tofauti kwa waliochora baada ya hapo.

Mwaka 2015 hadithi hiyohiyo ilifasiriwa upya na Ida Hadjivayanis, ikaitwa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kutoka Elisi hadi Alisi ni miaka 75. Katika muda huo lugha ilipata mataifa, kamusi, vyuo na mabaraza. Lakini rafu ya maoni ya watoto waliosoma toleo la kwanza imebaki tupu, na mfasiri wa pili hakuwa na shahidi wa kumwita.

SHILINGI MOJA YA RAYNER UNWIN

Ili kuona kwamba mambo yangaliweza kuwa vingine, yafaa kuutazama mji uleule wa London miaka minne kabla ya Elisi ya Kiswahili. Mwaka 1936 mchapaji Stanley Unwin alipokea mswada wa The Hobbit, hadithi ya J. R. R. Tolkien. Yeye aliamini kwamba mwamuzi bora wa kitabu cha watoto ni mtoto, akampa mwanawe Rayner, aliyekuwa na miaka 10, autolee taarifa kwa malipo ya shilingi moja. Rayner aliandika aya fupi. Aliueleza mtiririko wa hadithi, akauona mzuri, akasema kuwa ungewapendeza watoto wa miaka mitano hadi tisa, na akaongeza kwamba kwa msaada wa ramani kitabu hakikuhitaji picha.

Kitabu kilitoka Septemba 1937, kikiwa na ramani, na pia kikiwa na picha zilizochorwa na mwandishi mwenyewe. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, maoni ya mtoto yalikuwa na thamani iliyohesabika: yalilipiwa, yakawekwa kwenye jalada, yakasaidia kuamua kama kitabu kitoke au kisitoke. La pili, hayakuwa amri. Mchapaji alikubali hukumu juu ya hadithi, lakini picha zikatiwa vilevile. Watu waogopao kwamba kumsikiliza mtoto ni kumtawaza wapate jibu lao hapo.

Mtoto wa Kiswahili hakuwahi kupewa shilingi hiyo. Msomaji wa mswada alikuwa afisa wa elimu, mmisionari au mjumbe wa Kamati. Hata ilipoundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1948, na hata walipotokea waandishi wenyeji wenye nguvu kama Shaaban Robert, ambaye Kusadikika yake ilitoka 1951 na Adili na Nduguze 1952, njia ya kitabu kumfikia mtoto ilibaki ileile ya kutoka juu kwenda chini.

VIUNGA VYAKUA

Wakati huo mji wenyewe ulikuwa ukibadilika. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala, na ndipo Magomeni, Temeke na Kinondoni zilipopata nyumba zilizopangwa kwa mistari. Hesabu ya watu ya 1957 iliikuta Dar es Salaam ina watu 128,742. Ile ya 1967, watu 272,821. Ile ya 1978, watu 843,090. Mwaka 2012 wilaya ya Kinondoni peke yake ilikuwa na watu 1,775,049, na Temeke 1,368,881, kabla ya Ubungo kutolewa katika ile ya kwanza na Kigamboni katika ile ya pili. Hesabu ya 2022 ilionyesha mkoa mzima kuwa na watu 5,383,728.

Kwa habari ya kusoma, viunga hivyo vina sifa yao maalumu. Watu wake walitoka kila upande wa nchi, na watoto waliozaliwa humo walikuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza, hata kama nyanya zao walisema Kizaramo, Kimakonde, Kinyamwezi au Kihaya. Tangu 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 elimu ya msingi ilienezwa kwa watoto wote. Kwa hiyo likatokea kundi kubwa la wasomaji wadogo ambao lugha ya kitabu na lugha ya uani kwao zilikuwa karibu sana. Karibu, lakini si moja.

Tena nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, hukaliwa na familia kadhaa. Kitabu kikiingia katika nyumba kama hiyo hakikai na mtu mmoja. Mkubwa huwasomea wadogo. Aliyejifunza katika kisomo cha watu wazima husikiliza akiwa anachambua mchele. Mtoto wa chumba cha pili hukiazima kabla mwenyewe hajamaliza. Hukumu yake huwa ya ukumbi mzima, hutolewa kwa kicheko, kwa kuuliza "kisha ikawaje?", au kwa watu kuondoka mmoja mmoja. Ndiyo sababu moja ya kutoandikwa kwake.

Maktaba ilikuja kwa upande mwingine. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, katikati ya mji. Ilikuwa na ukumbi wa watoto, na ni kazi njema iliyofanywa. Lakini kwa mtoto wa Mbagala au wa Mtoni kwa Azizi Ali, maktaba hiyo ilikuwa safari yenye nauli. Katika miaka ya 1970 mwishoni na ya 1980 karatasi na fedha za kigeni zilipoadimika, vitabu vya watoto vilikuwa vichache madukani, na picha za kusomwa zilizofika viungani zilikuwa zaidi zile za magazeti. Gazeti la katuni la Sani, pamoja na wahusika wake kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, halikutungwa kuwa kitabu cha shule. Walakini lilipita mikononi mwa watoto wengi. Humo walijifunza kusoma picha kwa mfululizo, kutambua mhusika kwa pua na kofia yake, na kudai kwamba awe yuleyule ukurasa hata ukurasa. Waliokuja kuwachorea vitabu baadaye walikuta macho yaliyokwisha kufundishwa.

MNUNUZI ASIYE MSOMAJI

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Nia yake ilikuwa kuondoa uhaba uliokuwa dhahiri. Mradi uliwafundisha waandishi na wachoraji, ukaipitia miswada, na ukawaahidi wachapaji kununua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka mashuleni. Katika miaka hiyohiyo uchapaji wa vitabu vya shule ulianza kuachwa mikononi mwa kampuni za watu binafsi. Kampuni kama E & D Vision Publishing na Mkuki na Nyota zilitoa vitabu vya watoto vilivyochorwa na Watanzania, vyenye watoto wa Kitanzania ndani yake. Suala la Elisi, kwamba msichana awe na sura gani, likawa limejibiwa na wenyewe.

Utaratibu huo uliokoa fani nzima, na haifai kuusema kwa wepesi. Lakini ulileta tokeo ambalo mwanahistoria hana budi kulitaja. Mchapaji aliyehakikishiwa mnunuzi alikuwa na sababu ya kumridhisha mnunuzi. Na mnunuzi alikuwa mradi, shule au serikali. Mtoto akikipenda kitabu, hakikuchapwa tena kwa sababu hiyo. Akikichukia, hakikukosa soko kwa sababu hiyo. Maoni yake hayakuwa na njia ya kumrudia mwandishi hata kwa njia ya hesabu ya mauzo, ambayo ndiyo sauti ya chini kabisa aliyo nayo msomaji yeyote.

Penye njia ndogo iliyofunguliwa palikuwa katika mahema ya kusomea, ambapo watoto walikusanywa kwa siku moja au zaidi, wakapewa vitabu wachague, wakasoma, wakasimulia, wakachora na kuigiza walichokisoma. Kuchagua ndilo jambo kubwa hapo. Mtoto aliyewekewa vitabu ishirini juu ya jamvi, akakirudisha kimoja baada ya kutazama picha mbili, ametoa hukumu kamili, ingawa hakufungua kinywa.

Riwaya ndefu ya watoto ilizidi kupata nafasi katika karne hii. Edwin Semzaba, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki 2016, alitoa Marimba ya Majaliwa mwaka 2008, ambayo yamchukua mtoto katika safari ndefu ya kuizunguka Tanzania. Kitabu kama hicho hakiwezi kupimwa kwa maswali manne ya ufahamu yaliyo nyuma ya kijitabu cha darasani. Chamtaka msomaji aseme mahali alipochoka, mahali aliporuka kurasa, na mahali alipotamani safari isiishe. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, imezidi kuwapa moyo watungaji. Lakini waamuzi wa tuzo ni watu wazima, kama walivyokuwa wajumbe wa Kamati ya 1930.

MTOTO AHUKUMU KWA NINI

Yafaa sasa kutazama mambo ambayo kwayo msomaji wa viungani huikubali riwaya ya picha au huikataa. Na achukuliwe mfano wa mtoto wa darasa la tano wa Tandika au wa Mwananyamala, asomaye kwa bidii lakini bado hajasoma kwa wepesi.

Jambo la kwanza ni mapatano ya picha na maneno. Mtu mzima husoma maneno akaitupia picha jicho. Mtoto wa namna hii hufanya kinyume: akifika kwenye neno gumu huiendea picha kama mtu anayemwendea shahidi. Ikiwa maneno yasema kwamba ni usiku na mvua yanyesha, na picha yaonyesha uwanja mkavu na kivuli cha mchana, basi shahidi amesema uwongo, na neno gumu limebaki bila msaada. Mchoraji huenda alipewa muhtasari tu wa sura, au alichora kabla mswada haujasahihishwa. Mtoto hana habari ya hayo. Lawama yake, kwamba "huyu si yeye", mara nyingi huchukuliwa kuwa utoto, na kumbe ni uhakiki wa maandishi ulio sahihi kabisa.

Jambo la pili ni lugha. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na mtoto wa Dar es Salaam hukielewa. Lakini sikio lake laijua tofauti kati ya mtu anayezungumza na kitabu kinachozungumza. Hukataa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya watoto wa hadithini wanaosemezana kama mahakimu. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni ya mtungaji mzee anayejaribu kusema kama vijana kwa maneno yaliyokwisha kufa. Maneno ya mtaani yana umri mfupi, na si rahisi kujua lipi litadumu. Husemwa kwamba daladala ilipata jina lake kutokana na nauli ya shilingi tano, iliyoitwa dala, katika miaka ya 1980. Dala yenyewe imekufa, mtoto wa leo haijui. Daladala ingali hai na imeingia kamusini. Mtungaji aliyeandika neno la kwanza katika mazungumzo amepitwa. Aliyeandika la pili ameshinda, na wote wawili walikuwa wakibahatisha. Msomaji mdogo ndiye awezaye kusema ni neno gani limepitwa, naye husema mara moja.

Jambo la tatu ni adili. Vitabu vya watoto vilirithi kutoka shule desturi ya kumaliza kwa fundisho lililotajwa waziwazi. Lakini mtoto huyu amekwisha kulelewa na hadithi nyingine, zile zinazoanza kwa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!", na wengi wa wazazi wake walikua wakikisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Debora Mwenda katika Radio Tanzania. Katika usimulizi wa namna hiyo sungura mjanja hushinda, na msikilizaji huachiwa mwenyewe kupima kama ushindi ule ulikuwa wa haki. Akikuta aya ya mwisho inamfafanulia kile alichokwisha kukiona, huona amedharauliwa. Hataandika hivyo katika daftari, kwa kuwa daftari lamtaka aitaje dhamira ili apate alama.

Jambo la nne ni mahali. Katika hadithi nyingi za Kiswahili kijiji ni mahali pa wema, na mji ni mahali pa kupotea. Mtoto wa Temeke hakupotea, amezaliwa hapo. Anajua jinsi ya kuvuka mfereji wakati wa masika, jinsi ya kupanga foleni ya ndoo bombani, na ni duka gani hukopesha. Picha ikimwonyesha mji kuwa ghorofa na magari tu, huutambua kuwa ni mji wa mtu mwingine. Picha moja ya uchochoro wenye kamba ya nguo na mlango wa bati yaweza kumfunga kitabuni kuliko sura nzima ya mawaidha. Haina maana kwamba ataka kusoma habari za kwao peke yake, kwani hupenda pia majini, visiwa na safari za mbali. Ataka tu kwamba atajwapo, atajwe kwa haki.

PINGAMIZI NA USHAHIDI

Yawezekana kujibiwa kwamba hukumu ya mtoto hubadilika kila siku, kwamba huiga mwenzake na humpendeza mwalimu, na kwamba mtoto akiachiwa atachagua vichekesho siku zote. Pingamizi hilo lina kweli ndani yake. Lakini mashahidi wote wa historia wana kasoro zao, na mwanahistoria hawafukuzi kwa sababu hiyo, huwalinganisha. Ripoti ya mkaguzi wa elimu nayo iliandikwa ili kumpendeza mkubwa wake, na bado husomwa.

Zaidi ya hayo, jambo zito laning'inia juu ya ushahidi huu. Uchunguzi wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Taarifa za namna hiyo zimezaa msemo kwamba watoto hawapendi kusoma. Lakini kushindwa kusoma ni jambo moja, na kukataa kitabu kibaya ni jambo jingine. Kwa kuwa maoni ya watoto hayakuhifadhiwa, mambo haya mawili yamechanganywa, na mtoto amebebeshwa lawama ambayo pengine ni ya kitabu.

Ushahidi wenyewe haukosekani. Kitabu cha maktaba huonyesha kurasa zilizochakaa na zisizoguswa. Picha iliyochanwa ikachukuliwa, picha iliyopakwa rangi kwa penseli, masharubu aliyoongezewa mhusika asiyependwa. Muhtasari wa hadithi ulioandikwa na mwanafunzi huonyesha, kwa yale aliyoyarefusha na aliyoyasahau, mahali moyo wake ulipokuwa. Lakini daftari hizo hazidumu. Mwaka wa shule ukiisha mwezi wa Desemba huuzwa kwa ratili, na wiki chache baadaye karatasi zake hufungiwa karanga na maandazi katika vituo vya mabasi vya Mbagala na Mwenge. Hukumu ya msomaji hutupwa pamoja na maganda.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili, mingi yake ikiwa tenzi zilizohifadhiwa majumbani, ikawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati ule walikuwapo walioona karatasi zile kuwa takataka za masandukuni; leo hakuna awezaye kuandika historia ya ushairi bila hizo. Chuo kilekile, pamoja na taasisi yake ya Kiswahili, kimesimama juu ya kilima kilichokuwa ndani ya wilaya ya Kinondoni, na shule za msingi zimekizunguka pande zote. Kazi inayohitajiwa ni ndogo kwa gharama: kila mwaka kuchagua shule chache za Kinondoni, Ubungo na Temeke, kuziomba daftari za mihtasari kabla hazijauzwa, na kuandika juu ya kila moja jina la kitabu, toleo lake, mchoraji wake, darasa, mtaa na mwaka, bila jina la mtoto. Mtu atakayekifasiri au kukichora upya kitabu cha watoto baada ya miaka mingine 75 atakuwa na mahali pa kuuliza.